Njia za Mguu za Milima ya Krete

Msomaji, ikiwa umepata kukisoma kitabu cha Matendo ya Mitume, basi jina la kisiwa cha Krete si geni masikioni mwako. Katika sura ya 27 imeelezwa habari ya merikebu iliyomchukua Mtume Paulo kwenda Roma hali ni mfungwa, jinsi ilivyopita kwa shida kandokando ya kisiwa hicho, ikatia nanga mahali paitwapo Bandari Nzuri, kisha wenye chombo wakakata shauri kwenda kungoja majira ya baridi yapite katika bandari ya Foinike, iliyo katika kisiwa hicho hicho. Hawakufika. Upepo mkali uliteremka kutoka nchi kavu ukawakumba, wakachukuliwa na mawimbi siku nyingi hata chombo kikavunjika. Wataalamu wengi huiweka bandari hiyo ya Foinike karibu na kijiji kidogo kiitwacho leo Loutro, katika pwani ya kusini. Ukisimama Loutro na kuipa bahari kisogo, utafahamu mara moja upepo ule ulitoka wapi, kwa maana milima imesimama mbele yako kama ukuta wa ngome, na mpaka hivi leo hakuna barabara ya gari iliyoupenya ukuta huo kufika kijijini. Mgeni huja kwa mashua, au huja kwa miguu.

Habari ninazotaka kukueleza ni za hiyo miguu.

Krete ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Kimelala katika Bahari ya Mediterania kutoka magharibi kwenda mashariki, urefu wake kilometa 260 hivi. Lakini upana wake ni mdogo, na mahali pamoja upande wa mashariki bahari ya kaskazini na bahari ya kusini zimekaribiana hata hazipungukiwi sana na kilometa 12. Katikati, kama uti wa mgongo, imepita milima. Upande wa magharibi ni Lefka Ori, maana yake Milima Myeupe, na kilele chake kirefu, Pachnes, kina meta 2,453. Katikati ya kisiwa ni Psiloritis, uliojulikana zamani kwa jina la Ida, wenye meta 2,456. Milima hii ni ya mawe ya chokaa. Theluji huianguka wakati wa baridi, na maji ya theluji na mvua, badala ya kutiririka juu ya ardhi, mengi yake huzama ndani ya mawe na kupotea. Na yale yasiyozama, yakisaidiwa na kuinuka kwa nchi yenyewe katika matetemeko ya miaka mingi, yamekata makorongo marefu yanayoteremka mpaka baharini. Hayo makorongo ndiyo milango ya pwani ya kusini. Asiyepita korongoni hana budi kupanda mlima, na apandaye mlima hana budi kujua maji yako wapi.

Katika chuo cha ualimu nilikosomea tulifundishwa kuchora ramani kwa uangalifu: mito kwa rangi ya samawati, barabara kwa nyekundu, na njia za mguu kwa vidoti vidogo vyeusi. Nilivichora vidoti vile bila kufikiri. Ilinichukua miaka kadhaa ya kufundisha historia kabla sijaanza kujiuliza maswali mepesi ambayo ramani haiyajibu: kila kidoti kilikanyagwa na nani, na alikuwa akienda wapi? Krete ni mahali pazuri pa kuyauliza, kwa sababu leo vidoti vyake hukanyagwa na watu wa mataifa yote, wanaokuja kwa ndege kutembea kwa furaha tu. Korongo moja peke yake, la Samaria, katika mwaka wa kawaida hupitwa na wageni zaidi ya 100,000. Wengi wao hudhani kwamba njia ile ilitengenezwa kwa ajili yao.

Waliotangulia ni wachungaji. Mchungaji wa Krete hupandisha kondoo na mbuzi wake milimani theluji ikiyeyuka, hukaa nao huko wakati wa joto, na hushuka baridi ikikaribia. Juu ya Psiloritis utaviona vibanda vyao viitwavyo mitata, vya mawe matupu yaliyopangwa kwa duara na kufungwa juu kama bakuli lililofunikwa, bila udongo wala chokaa ya kuyashikanisha. Humo walitengeneza jibini na kulala. Njia iliyokanyagwa na watu kama hawa ina tabia yake. Haitafuti ufupi. Huzunguka kufuata chemchemi, hukwepa mteremko wa mawe yanayobingirika, na hupita penye kivuli saa za mchana. Kwa hiyo mgeni mwenye kiburi akiona amepata njia ya mkato, mara nyingi hugundua kuwa amejikatia mwenyewe.

Baada ya njia za mbuzi zikaja njia za wanyama wa mizigo. Katika kisiwa hiki mizigo ilibebwa na punda na baghala. (Baghala ni mtoto wa punda na farasi, wengine humwita nyumbu, lakini nachelea usije ukamfikiria yule nyumbu wa mbugani, ambaye hajapata kukubali kubeba mzigo wa mtu.) Baghala hawezi kuruka mwamba kama mbuzi, basi watu wakamtengenezea njia ya mawe yaliyopangwa, yenye vipandio vipana na mizunguko mingi mlimani. Njia hizo huitwa kalderimi, jina lililotokana na lugha ya Kituruki. Mfano mzuri uko Aradena, upande wa juu wa Loutro. Kijiji kiko ukingoni mwa korongo lenye kina cha zaidi ya meta 100, na kwa karne nyingi mtu aliyetaka kwenda ng'ambo ya pili, ambayo angeweza kuiona na hata kupigia mtu kelele, alilazimika kushuka ngazi za mawe mpaka chini kabisa na kupanda tena upande wa pili, yeye na baghala wake na mzigo wake wa mafuta ya zeituni. Daraja la chuma lilijengwa mwaka 1986. Lilichelewa: watu wa Aradena walikuwa wamekwisha kuhama katika karne ya 20, kwa sababu ya kisasi cha damu kati ya koo zao. Sasa gari huvuka kwa dakika moja kufika kwenye nyumba zisizo na paa.

Sasa tushuke pamoja katika korongo la Samaria, maana huko ndiko historia imejaa zaidi.

Mwanzo wa njia ni uwanda wa Omalos, meta 1,230 hivi juu ya bahari, mahali paitwapo Xyloskalo. Maana ya jina hilo ni ngazi ya mbao, kwa kuwa zamani watu walishuka hapo kwa magogo yaliyopachikwa katika mteremko. Toka hapo mpaka kijiji cha Agia Roumeli kilichopo pwani ni mwendo wa kilometa 16 hivi, saa nne mpaka saba kwa miguu kadiri ya nguvu za mtu. Magoti hulalamika kabla ya mapafu, kwa maana safari nzima ni kuteremka. Njia hupita kwanza katikati ya misonobari na miberoshi. Miti hii ya miberoshi ilisifiwa tangu kale, na mbao zake zilisafirishwa kwa merikebu kwenda nchi za mbali. Katika majabali ya juu huishi mbuzi mwitu aitwaye kri-kri, mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Kadiri unavyoshuka kuta hukaribiana, mpaka unafika mahali paitwapo Milango. Hapo korongo lina upana wa meta 3 au 4 tu, na kuta zimepanda kiasi cha meta 300. Fikiri jambo hilo, msomaji. Watu wawili wakishikana mikono na kuinyosha wangeweza karibu kuufunga mlango huo.

Na kwa kweli uliwahi kufungwa na watu.

Krete ilitawaliwa na mabwana wa kigeni kwa muda mrefu. Wavenisi waliishika tangu mwanzo wa karne ya 13. Waturuki wa Dola ya Osmani wakaanza kuiteka mwaka 1645, na mji mkuu ukaanguka mwaka 1669 baada ya kuzingirwa kwa miaka 21. Lakini kutawala miji ya kaskazini ni jambo moja, na kutawala milima ya kusini ni jambo jingine. Watu wa wilaya ya Sfakia, iliyo nyuma ya Milima Myeupe, waliishi wakiwa wachungaji na mabaharia, na kwa miaka mingi mkono wa serikali uliwafikia kwa nadra. Mwaka 1770 wakaasi. Kiongozi wao alikuwa Ioannis Vlachos wa kijiji cha Anopoli, mtu tajiri mwenye merikebu zake, aliyejua kusoma na kuandika mahali ambapo wengi hawakujua. Kwa sababu hiyo watu walimwita Daskalogiannis, yaani Mwalimu Yannis. (Usinilaumu, msomaji, nikimtazama kwa jicho la upendeleo.) Aliahidiwa msaada wa Warusi, waliokuwa wakipigana na Waturuki wakati ule. Msaada haukuja.

Jeshi lilipoingia Sfakia, vijiji vikachomwa, na wanawake na watoto wakakimbizwa kuingia korongo la Samaria. Husimuliwa kwamba watu 200 hivi chini ya Yannis Bonatos waliilinda Milango, na kwamba Waturuki hawakupita. Nasema "husimuliwa" kwa makusudi. Mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza habari imefikaje kwake, na nyingi za habari za maasi haya zimetufikia kwa njia ya utenzi. Mwaka 1786, miaka 16 baadaye, mtengeneza jibini mmoja wa Sfakia aliyeitwa Barba Pantzelios, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliutunga na kuughani habari za Daskalogiannis, na kasisi mmoja akakaa karibu naye akiandika. Wewe uliyekulia katika lugha yenye tenzi za vita hutashangazwa na hayo. Mtunzi huongeza nguvu ya shujaa wake na kuzidisha hesabu ya adui. Hata hivyo hasahau jina la kijiji, wala upande ambao jeshi lilitokea, kwa sababu wasikilizaji wake walikuwepo na wangemsahihisha. Kwa hiyo idadi ya watu mimi huipokea kwa shaka, bali kwamba watu walikimbilia korongoni, na kwamba korongo liliwahifadhi, naikubali. Aliyelitazama lango lile hahitaji utenzi kumsadikisha.

Mwisho wake ulikuwa mbaya. Daskalogiannis alijisalimisha mwaka 1771 kwa kutaraji kuwaokoa watu wake waliobaki, akapelekwa Heraklion, na tarehe 17 Juni mwaka huo akachunwa ngozi angali hai mbele ya watu. Maasi mengine yalifuata katika karne ya 19, moja baada ya jingine, na kila mara milima ilikuwa ghala la silaha na kimbilio la wasio na silaha. Krete ilipata kujitawala mambo yake mwaka 1898, na ikaungana na Ugiriki mwaka 1913.

Nayapita haraka maasi hayo, si kwa kuwa hayana thamani, ila kwa sababu nataka kufika mwaka 1941, mwaka ambao njia hizi zilifanya kazi kuliko wakati wowote.

Asubuhi ya tarehe 20 Mei 1941 anga la Krete lilijaa ndege za Wajerumani, na kutoka ndani yake wakaanguka maelfu ya askari wa miavuli. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuifikia Ugiriki. Mfalme George wa Pili alikuwa amekimbia Athens na kujificha Krete, naye sasa akajiona amefuatwa hata huko. Askari wengine walishuka karibu na nyumba aliyokaa. Basi mfalme, pamoja na waziri mkuu wake na watu wachache, wakilindwa na kikosi kidogo cha askari kutoka New Zealand, akashika njia ya wachungaji kuivuka Milima Myeupe. Barabara hakukuwa nayo. Walikwenda kwa baghala palipowezekana na kwa miguu palipobaki, katika theluji ya juu na mawe makali ya chini, mpaka wakatokea Agia Roumeli, penye mdomo wa korongo la Samaria. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Mei manowari ya Waingereza iliyoitwa Decoy iliwachukua kwenda Alexandria, Misri.

Siku chache baadaye wakafuata wasio wafalme. Kisiwa kilikuwa kimeshindwa kulindwa, na askari wa Uingereza, Australia na New Zealand wakaamriwa kurudi nyuma mpaka pwani ya kusini, penye kijiji cha Chora Sfakion. Walitembea usiku na kujificha mchana, wengine bila maji, wengine bila viatu vya kufaa. Walivuka uwanda wa Askifou, ambao kwa jinsi milima ilivyouzunguka waliupa jina la Sahani. Mbele ya uwanda huo ndipo walipojua ubaya wa ramani. Barabara iliyoonyeshwa kuelekea baharini ilikuwa haijamalizika: ilifika ukingoni mwa genge, ikakoma. Kutoka hapo chini palikuwa na vijia vya mbuzi, na upande mmoja korongo la Imbros, lenye urefu wa kilometa 8 hivi, ambalo ndilo lililokuwa njia ya baghala ya Sfakia tangu zamani. Kwa vijia hivyo maelfu walishuka gizani, na katika usiku kadhaa mwishoni mwa Mei merikebu zikachukua wengi wao. Tarehe 1 Juni hapakuwa na merikebu tena. Maelfu waliobaki ufukweni wakajisalimisha. Lakini wengine walikataa, wakageuza nyuso zao wakapanda tena milimani.

Hapo ndipo wenyeji walipoonekana, nami naona kwamba sehemu hii ndiyo kiini cha habari yote. Mgeni aliyejificha mlimani hana maana asipopata mkate, na hana matumaini asipopata wa kumwonyesha njia. Wanavijiji waliwalisha askari hao, wakawavika nguo za kichungaji, wakawapitisha kutoka kijiji hata kijiji. Watawa wa Preveli, katika pwani hiyo ya kusini, waliwaficha wengi, na katika miezi ya Julai na Agosti 1941 nyambizi za Waingereza zilikuja usiku kuwachukua ufukweni. Kila mtu aliyesaidia alijua malipo yake. Tangu tarehe 3 Juni 1941, siku mbili tu baada ya vita kwisha, Wajerumani walikuwa wamekibomoa kijiji cha Kandanos na kuwaua watu wake kwa kulipiza kisasi.

Mmoja wa waliosaidia alikuwa kijana wa miaka 20 wa kijiji cha Asi Gonia, jina lake George Psychoundakis. Alizaliwa mwaka 1920 katika nyumba maskini, akasoma shule kidogo, akachunga kondoo wachache wa baba yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaongoza askari waliopotea kwenda pwani. Baadaye maofisa wa Uingereza waliporudi kwa siri na kujificha katika mapango na mitambo yao ya simu ya upepo, yeye akawa tarishi wao. Simu ya upepo ilizungumza na Misri, lakini haikuweza kupeleka karatasi kutoka pango hata pango, wala kubeba betri zake yenyewe. Hiyo ilikuwa kazi ya miguu. Psychoundakis alipita katikati ya walinzi wa Kijerumani akiwa na barua zilizofichwa mwilini, kwa mavazi ya mchungaji aliyepotelewa na mbuzi. Husimuliwa kwamba mara moja alivuka kisiwa kutoka Kastelli Kissamou, pwani ya kaskazini, mpaka Paleochora, pwani ya kusini, katika usiku mmoja. Ukiitazama ramani utaona kwamba si mbali. Ramani, kama nilivyokwisha kusema, haina magoti.

Kwa nini aliweza? Hakuwa na nguvu kuliko askari waliomtafuta, wala chakula chake hakikuwa bora. Aliweza kwa sababu tangu utoto alijua chemchemi iliko, kibanda cha mitata kipi kina mwenyewe mwaminifu, na mteremko upi hubingirisha mawe na kupiga kelele usiku. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote. Jeshi lililokuwa na ndege na pikipiki na ramani zilizopigwa chapa vizuri lilikosa elimu hiyo kwa muda wa miaka minne.

Tendo lililopata sifa kubwa katika miaka hiyo ni la tarehe 26 Aprili 1944, Waingereza wawili, Patrick Leigh Fermor na Stanley Moss, pamoja na Wakrete wenzao, walipomteka Jenerali Kreipe wa Ujerumani katika gari lake, wakampitisha juu ya Psiloritis kwa miguu, na tarehe 14 Mei wakampakia chomboni katika pwani ya Rodakino. Vitabu vimeandikwa na filamu imepigwa. Lakini mwezi Agosti mwaka huo huo Wajerumani walikiteketeza kijiji cha Anogia, kilicho ubavuni mwa Psiloritis, na katika amri yao walitaja, miongoni mwa makosa ya kijiji, kwamba waliomteka jenerali walipita hapo. Leo mgeni hupanda Psiloritis kwa kufuata njia ya jenerali kwa furaha kubwa. Si vibaya, lakini afadhali apitie Anogia akiwa na habari hiyo.

Na tarishi yetu? Vita vilipokwisha alipewa nishani na Waingereza, na papo hapo akakamatwa na serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kudhaniwa kuwa ni mtoro wa jeshi. Alifungwa miezi kadhaa. Humo gerezani, na baadaye alipokuwa akichoma makaa ili kuilisha jamaa yake, aliandika katika madaftari habari za mbio zake. Leigh Fermor aliposikia, aliyachukua madaftari hayo, akayatafsiri kwa Kiingereza, na kitabu kikatoka mwaka 1955. Mchungaji aliyesoma shule kidogo hakuishia hapo: aliitafsiri Odisei ya Homer, na Iliadi pia, kwa Kigiriki cha watu wa Krete. Nalo jambo ninalolifikiria zaidi ni hili, kwamba kwa miaka mingi kazi iliyompatia riziki ilikuwa kutunza makaburi ya askari wa Kijerumani huko Maleme, mahali pale walipoanguka na miavuli yao. Wamelala hapo zaidi ya 4,400, wengi wao wa umri ule ule aliokuwa nao yeye mwaka 1941. Alikatia majani na kunyweshea maua. Alifariki mwaka 2006.

Amani haikuingia milimani mara moja. Ugiriki ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1948 wapiganaji wa Kikomunisti wa Krete walifukuzwa mpaka ndani ya Samaria, wakavunjwa nguvu. Wachache walitoroka. Wawili wa mwisho walishuka kutoka milimani mwaka 1975. Hesabu miaka hiyo, msomaji, kisha ujiulize ni nani aliyekuwa akiwaachia mkate penye njia, na ni watu wangapi walioliona jambo hilo wakanyamaza.

Katikati ya korongo la Samaria kulikuwa na kijiji chenye jina hilo hilo. Jina limetokana na kanisa dogo la Mtakatifu Maria wa Misri, Ossia Maria kwa Kigiriki, ambalo watu walilitamka kwa haraka mpaka likawa Samaria. Watu wake walikuwa wakata miti na wafugaji, wa uzao wa wale waliolinda Milango na kuwaficha wakimbizi wa kila zama. Mwaka 1962 serikali ya Ugiriki ililitangaza korongo kuwa hifadhi ya taifa, hasa ili kumhifadhi kri-kri na miti, na wenyeji wakahamishwa. Sitasema kwamba serikali ilikosea. Mbuzi mwitu walikuwa wakiwindwa mpaka kukaribia kwisha, na msitu uliokatwa katika mteremko kama ule hauoti tena kwa urahisi. Wala sitasema kwamba haki ilitendeka yote. Nyumba za mawe zipo mpaka leo. Baadhi zimekarabatiwa kwa matumizi ya walinzi wa hifadhi, na wageni huketi kwenye kivuli chake kula chakula walichobeba.

Sasa njia ya mguu inayojulikana kwa alama E4, iliyovuka nchi nyingi za Ulaya, imepita Krete kutoka magharibi mpaka mashariki, ikiongozwa na vibao vya njano na nyeusi. Inaanzia pande za Kissamos, inapita Milima Myeupe na Psiloritis, na kuishia Kato Zakros, katika korongo liitwalo la Wafu kwa sababu watu wa kale walizika maiti zao katika mapango yake. Ukiifuata yote utakanyaga kalderimi nyingi zilizotajwa hapa, ingawa nyingine zimefunikwa na barabara za gari na nyingine zimemezwa na miiba tangu baghala waache kuzipita.

Samaria hufunguliwa toka Mei mpaka Oktoba. Miezi mingine maji hujaa korongoni, na Milango hujifunga yenyewe. Mgeni hupewa tikiti Xyloskalo asubuhi, naye huambiwa aitunze vizuri, kwa maana itakaguliwa tena mwisho wa njia karibu na Agia Roumeli. Si kwa ajili ya fedha. Walinzi huzihesabu tikiti kujua kama wote walioingia wametoka, kwa kuwa hairuhusiwi mgeni yeyote kulala Samaria.